Kiboko wa Ruziba

Jumatatu, 4 Machi 1996
Neno jipya darasani: spellbound. Mwalimu Salvator anasema ni kama kurogwa, ila bila mganga wala hirizi — unarogwa na unachokisikia au unachokiona. Ijumaa kila mmoja wetu asimulie kwa Kiingereza kisa chake mwenyewe kinacholistahili neno hilo. Kuna shirika la wageni linatafuta mkalimani, na atakayetia fora ndiye mwalimu atampeleka kwao. Basi waanze kunipongeza!

Jumatano, 6 Machi
Risasi tena jana usiku, upande wa milimani. Leo nikamjaribu mwalimu: mimi na mama tulilala sakafuni, spellbound. Akatikisa kichwa.

"Apana, Assia. Ile ni woga. Spellbound, mulango iko wazi na we mwenyewe hautaki kutoka."

Elvire wa darasani kwetu, yule wa Kifaransa cha marashi, akacheka. Acheke tu. Nimeudhika, lakini mwalimu amesema kweli.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata! Kiboko aliyeingia kwenye harusi ya shangazi Zubeda kule Ruziba, kando ya ziwa. Nimemsimulia mama huku anakaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Alikuwepo siku hiyo, kisa anakijua chote — na bado ndagala zimeungua. Kazi ni yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Naandikia darasani, hapa mtaa wa Asiatique. Bado tumo humu! Nilisimama wa mwisho. Kiingereza changu kilichechemea, kiboko hakuchechemea. Nilipofika pale anapokanyaga jamvi la wageni, na shangazi hainuki kitini, nikaona dirisha limekuwa jeusi. Couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, imeshaanza na hakuna aliyeangalia saa, hata mwalimu!

Saa hizi anayeonekana barabarani anapigwa risasi. Mwalimu amefunga mlango kwa ufunguo, tutalala hapa. Mama hajui niko wapi, na hilo linaniuma sana. Lakini nafurahi pia, Mungu anisamehe. Mwalimu amesema mkalimani wake ameshampata.

Gari limesimama nje. Viatu vya askari. Mshumaa mmoja tu, naandika haraka. Elvire kanishika mkono, vidole vya baridi kabisa, ananong'ona.

"Maliza basi, dada. Ile kiboko ilimufanya nini bibi arusi?"

Mlango unagongwa. Hakuna anayeutazama — wote wananitazama mimi.