Shemeji, wamekupa hata ng'ombe yangu ya Bule

Shemeji Anselme,

Ni mimi Gaspari, ndugu ya muke wako, njo ninakuandikia. Ninajua mwandiko yangu haiko muzuri. Shule niliacha mapema, ile wakati mwalimu aliona akili yangu inapita yake akaanza kuogopa kupoteza kazi yake. Usicheke. Zamani nikisema neno kama ile, weye ulikuwa unatikisa kichwa polepole na kusema, "Njo vile," ni kusema ndivyo ilivyokuwa. Basi tikisa kichwa pale uko, ili niendelee.

Nina wivu na weye, shemeji. Ninajua mutu mwenye kufa anaonewa huruma, si wivu. Lakini sikiliza kwanza. Siku ya kukuzika mvua ilinyesha, na watu wote wakasema ni baraka, mbingu yenyewe inalia. Mimi ninajijua: siku yangu itakuwa jua kali na vumbi, na watu watasema kaburi iko mbali.

Kisha atelye yetu ya kutengeneza televizyo, pale ku njia ya Lumumba. Nilipaka mulango rangi mupya na nikaandika GASPARI na herufi nyekundu, hata mutu wa moto, ile pikipiki, anaweza kusoma bila kupunguza mwendo. Juzi mama mmoja akatoka mutaa ya Bigo na televizyo ku pusupusu, ile mukokoteni ya kusukuma, akasimama pa mbele ya ile jina kubwa na akaniuliza, "Papa, ni hapa kwa marehemu Anselme?"

Nikamujibu, "Ni hapa kwa Gaspari."

Akamuambia mutu wa pusupusu, "Basi tumepotea, geuza." Nilimukimbilia mpaka ku kona, shemeji, na mugongo hii. Nikamueleza kama ni mimi nilikufundisha kazi. Akaniangalia sana. Akasema, "Marehemu alikuwa munyenyekevu, hakusema kama alikuwa na mwanafunzi mukubwa hivi."

Watu wanasema weye ulikuwa na mikono na mimi nilikuwa na mudomo. Sawa. Lakini bila mudomo, nani angetufungulia mulango? Zile televizyo za kulere, za rangi, za zamani, zenye kukaa mu kabati ya mbao na miguu yake na vitasa yake, zenye watu wa mashamba ya kahawa na wafanyabiashara waliacha, haziko zinatembea kuja zenyewe. Watu wanaweka kuku ndani. Wanaweka mbegu ya mahindi. Ni mimi niliingia mu nyumba za watu, nikakunywa chai yao, nikawasalimia mpaka mutoto wa mwisho, mpaka wakasema, "Iko kitu moja kule nyuma, lakini imekufa zamani." Pale njo weye ulikuwa unainuka.

Unakumbuka televizyo ya Bule, ile kijiji ya wafugaji. Najua unakumbuka. Ilikuwa ile wakati njia ilikuwa nzuri. Muzee wa ng'ombe alitupeleka mu chumba ya nyuma, akaondoa mifuko ya maharagi, na tukaiona: kabati nyekundu ya mbao, milango mbili ya kusukuma, kitambaa ya dhahabu pa mbele ya sauti, na kuku mmoja amelala juu ya mayai yake mu nafasi ya kuweka sahani za muziki. Ulipiga magoti. Hukugusa vifungo, hukugusa kioo. Uliweka pua ku mbao na ukafunga macho. Muzee akaniuliza kama unaomba. Nikamujibu kama wafundi wakubwa wanaanza vile, na ni mimi nilikuonyesha.

Kisha ku njia ya kurudi. Tuliifunga ku moto na kamba ya ngozi, kioo ikiangalia nyuma, siye tukatembea ku miguu pande mbili juu ya kuishikilia. Na ng'ombe dume moja ya pembe ndefu, ndefu kama mulango, ikajiona mu kioo. Ikafikiri ni dume ingine imekuja kuchukua wake zake. Ikashusha kichwa. Mwenye moto akakimbia. Na mimi, mukono ya kushoto ku televizyo, mukono ya kuume nikakamata pembe, nikaongea na ile munyama kwa upole mpaka ikaanza kulia machozi.

Nimeeleza ile habari ku matanga, ku ndoa, ku kanisa, na kila mara watu walikuwa wananiacha mimi na kugeuza macho kwako. Na weye, mutu asiyesema uongo, hata wa kumutuliza mutoto, ulikuwa unatikisa kichwa: "Njo vile." Basi walikuwa wanaamini. Ukiniona peke yangu ulikuwa unasema, "Shemeji, machozi ya ng'ombe punguza kidogo." Lakini pa mbele ya watu, hapana. Hata siku moja hukuniangusha.

Sasa nani atatikisa kichwa? Ninaeleza habari, watu wanageuka kuangalia kiti yako, kiti iko wazi, wananirudilia na macho ya mutu ambaye anapima samaki kama imeoza.

Uliacha ile ya Bule bila kulere. Picha ilikuwa inatoka, sauti pia, lakini yote majivu. Ku kitanda ya hospitali ulikuwa bado unaniuliza kama nimeangalia nyuma ya bomba ya kioo, kama nimepita tena pale risasi ya kuunga nyaya imepasuka. Nilipata kosa mara moja. Basi, si mara moja. Nilichoma vidole, nilitukana, nilitoa kitu kidogo ku televizyo ingine ya kufa na nikaiweka pale, na siku moja mu mchana, rangi nyekundu ikatoka. Niligeuka kukuita. Mudomo yangu ilikuwa imekwisha kufunguka, jina yako pale, na mu atelye hakuna mutu.

Kisha dada yangu, muke wako, akakuja. Akasema siku ya kumaliza matanga anataka watu waone filme ya ndoa ya Noela, mutoto yenu, mu ile televizyo yenyewe, kwa sababu mu ile filme weye uko, umevaa koti ya buluu, unakula na unacheka. Akasema, "Gaspari, utengeneze sura yake iwe sura yake."

Unajua namna siye tulikuwa tunapima kulere. Wafundi wengine wanaangalia majani ya miti, wengine bendera. Siye tulikuwa tunaweka mukono karibu na kioo na tunageuza kifungo mpaka sura ya mutangazaji inafanana na ngozi ya mutu wa hapa. Na kila mara tulikuwa tunabishana mukono ya nani. Yako ni ya udongo wa Bigo kisha mvua. Yangu imeiva zaidi, muke wangu anasema ni rangi ya mutu mwenye nguvu. Ulikuwa unaniacha nigeuze na mukono yangu, nikienda kukojoa unageuza tena na yako. Ulifikiri sikujua.

Basi nikaweka mukono yangu. Nikageuza kidogo kidogo. Nikamuita dada. Akasimama, akaangalia, akasema, "Huyu si bwana yangu. Huyu ni weye umevaa koti yake."

Iliniuma mpaka ndani. Si neno yake. Iliniuma kwa sababu nilipoangalia vizuri, nilipenda. Mimi, mu koti ya buluu, ku meza ya heshima, na watu wote wamekuja kwa ajili yangu.

Nikamuita Noela, nikamuambia akunje mukono ya nguo. Mutoto yako ana ngozi yako, shemeji, hata ile alama ya kuungua karibu na kiwiko iko mahali moja na ya kwako. Akaweka mukono ku kioo. Nikageuza kifungo nusu ya kucha. Ukatoka weye ku kioo. Noela hakuondoa mukono. Na mimi nikawaza: mimi nikikufa, watoto wangu wote wamefanana na mama yao, nani ataweka mukono?

Siku yenyewe ikafika. Walifunga bashi ya turubai mu lupango, uwanja wa nyumba, dada akavaa nguo nyeupe kuacha nyeusi, wali na nyama ya ng'ombe na mboga ya sombe zikaja, na watu walijaa mpaka ku njia. Televizyo niliisimamisha mu kivuli, mbao nimeipaka mafuta mpaka unaona meno yako ndani. Nilikuwa na maneno ya kusema. Nilikuwa nimeyaandika ku karatasi: nani aliipata Bule, nani aliibeba, nani alirudisha kulere. Na nilitaka kila mutu asikie, mpaka wale wa nyuma ambao wanakuja juu ya nyama. Nikaita vijana wa muziki, nikawaambia, "Sukumeni bafle mukubwa ya sauti hapa, karibu na televizyo, karibu kabisa."

Shemeji, mimi. Mutu wa kazi hii miaka yote.

Sura yako ikaingia ku kioo, watu wakasema "Aaa," na mara upande moja ya uso ikawa kijani kama majani ya lengalenga, na upande ingine ikawa rangi ya divai. Shangazi yako mukubwa akaanza kupiga kilio upya. Mutu moja nyuma yangu akasema, "Marehemu amekasirika." Mwingine akasema, "Nani amemukosea?" Na nikaona macho yanatembea, yanatembea, na yanakuja kwangu.

Sumaku ya bafle inavuruga kulere. Hata mutoto wa atelye angejua. Nilikuwa nimekupaka majani mimi mwenyewe juu ya kutaka kusikika.

Nikaiweka karatasi mu mufuko. Nikawasukuma vijana na bafle yao mpaka ku ukuta ya jirani. Kisha nikatoa ile bobine yako ya kufuta sumaku, ile ulizungusha nyuzi za shaba ku ukingo ya beseni ya zamani ya dada, nikaiunga ku kuranti ya grupe, ile jenereta, na nikaanza kuizungusha pa mbele ya uso yako. Polepole, kama mutu anapangusa dirisha ya mugonjwa. Kisha kurudi nyuma, hatua, hatua, bado ninazungusha, mpaka mwisho ya lupango katikati ya watu, kabla ya kuizima, kwa sababu ulinikataza kuizima karibu. Watu walikuwa wananipisha. Kijani ikakauka. Divai ikaisha. Ukabaki weye, udongo wa Bigo kisha mvua, unatafuna.

Na mutu moja akasema, ninajua sauti yake na sitamusamehe: "Angalieni ile mukono. Ni mukono ya Anselme kabisa."

Mukono yangu, shemeji. Hata hiyo.

Filme ikaendelea. Ikafika pale ku meza, mimi niko karibu na weye, mikono yangu imefunguka hivi, ndefu kama pembe, mudomo yangu iko inafanya kazi, na meza yote imegeuka kukuangalia weye. Sauti haisikike, ni muziki tu. Noela akachukua mikro. Akawaambia watu, "Mumuone papa. Pale Noko, mujomba yangu, alikuwa anaeleza namna papa alikamata ng'ombe ya Bule kwa pembe, na mukono moja, kusudi televizyo hii isivunjike."

Watu wakapiga kofi. Ng'ombe yangu. Ile niliibeba kinywani miaka yote hii, niliilisha, niliinenepesha, nikaiongezea machozi. Mutoto aliisikia tangu alikuwa mudogo, lakini alikuwa ananisikia mimi na kukuangalia weye, basi ku kichwa yake pembe ziliingia mu mikono yako.

Noela akanigeukia, akaninyooshea mikro. "Noko, si ni vile ilikuwa?"

 Nilikuwa na karatasi mu mufuko na jibu ku ulimi. Nikaangalia kioo. Na weye, pale ku meza, mu koti ya buluu, ulikuwa unafanya ile kitu: kichwa chini polepole, juu polepole. Ulikuwa unanitikisia kichwa mimi, mbele ya watu wote, siku ile ya ndoa, na sasa huyu mutoto alikuwa ananingoja.

Nikasema, "Njo vile."

Waliamini mara moja. Hakuna aliyeangalia kiti. Sikujua mbele kama ile neno inauma hivi ku shingo wakati inatoka, na weye ulilisema kwa ajili yangu miaka mingi bila kukohoa hata mara moja.

Sasa ninakuaga, shemeji, kwa sababu kuranti imekuja na iko televizyo ya yule mama wa Bigo inaningoja. Ndiyo, alirudi. Aliuliza tena kwa marehemu Anselme na nikamuambia, ingia mama, ni hapa. Lala vizuri. Ninakuahidi ile ya Bule itabaki kwa dada, na ile kifungo hakuna mutu ataigusa, hata mimi, hata nikiwa peke yangu pale mu chumba na mukono yangu iko tayari. Ku mulango nitaandika jina yako juu na yangu chini. Ya kwangu itakuwa na herufi kubwa kidogo, hiyo usinikatalie.

Huku ng'ombe ni yako, nimekwisha kusema mbele ya watu. Lakini kule, siku nitafika, uniachie pembe moja.

Mimi,
Gaspari