Kigari cha Mguu Mmoja

12 Juni. Asubuhi ya mawingu, bila mvua.

Kaka yangu mpendwa,

Nyumbani wote wazima. Mama amepaka rangi mlango wa jikoni, kijani tena.

Kigari tulichoanza kukiunda kabla hujakatwa mguu kimewaka! Fundi alinikomalia: "Dada, kigari cha kujiundia halafu gia otomatiki? Utadeka mpaka lini? Weka za mkono!" Nilipima fremu mara tatu, nikachagua injini ya gari dogo lililogongwa nyuma, pamoja na gia yake otomatiki, kwa kuwa zimeshazoeana.

Leo nilijifunga mguu wa kushoto kwenye kiti kwa kamba, nikapanda kilima cha machimbo kwa mguu wa kulia peke yake, bila klachi ya kukanyaga. Fundi, aliyekaa pembeni yangu, alipiga kelele: "Fungua mguu, utatuua!" Tulipofika juu aliitazama ile kamba, kisha akasema, "Kumbe ni cha kaka yako."

Uliandika kwamba hutarudi nyumbani kuwa mzigo wa mtu. Kiti nimekisogeza nyuma kulingana na urefu wako. Njoo ukiendeshe.

Ni mimi dada yako, dereva wa muda.

Saa mbili na robo usiku. Nalala, alama za kamba bado ziko mguuni.