Tiketi za Sista Vadivu

Jumatatu, 12 Juni 2023

Imeamuliwa. Jumapili tunahama. Hospitali ina miaka tisa ya tiketi, yaani maombi ya fundi, kwenye mfumo wa zamani wa dawati la msaada — kila kompyuta iliyogoma, kila nywila iliyosahauliwa, kila printa iliyomeza karatasi — na zote zinahamia toleo jipya. Mwisho wa mwezi la zamani linazimwa. Bwana Varadan, mkuu wetu, alitaka tuhamishe za mwaka huu tu. Nani atasoma za kale? Nikabisha. Mashine za wodini ni zile zile na ugonjwa wao ni ule ule. Mwishowe akasema sawa, Thenmozhi, lakini zikikwama ni juu yako. Ilango, mwenzangu wa huku chini, akacheka. Yeye hucheka kila kitu.

Nimefurahi, kusema kweli. Kazi hii naipenda.

Jumanne, 13 Juni

Asubuhi Amma kaniwekea chapati ya dosai ya pili bila kuombwa, nikajua kuna jambo. Wageni wanakuja kuniona. Lini? Jumapili, saa kumi. Nikasema Jumapili nina kazi. Akasema hata yeye ana kazi, ana binti wa miaka ishirini na tisa.

Mposaji anaitwa Kathiravan, mhandisi wa kiwanda cha pampu. Mama yake ni Sista Vadivu, aliyekuwa mkuu wa wodi ya watoto pale pale kwetu, sasa kastaafu.

Sista Vadivu! Namjua. Sikumwambia Amma ninavyomjua.

Alhamisi, 15 Juni

Jaribio la kwanza. Tarehe zimegeuka, siku imekaa mahali pa mwezi. Kuna tiketi zilizofungwa kabla hazijafunguliwa. Nimerekebisha. Ilango kanunua bonda za viazi, za moto. Siku nzuri.

Ijumaa, 16 Juni

Balaa.

Jaribio la pili lilikuwa linakwenda vizuri, mpaka simu zikaanza kulia. Daktari wa macho kaambiwa kipanya chake kimepatikana; alikipoteza miaka minne iliyopita. Mhasibu kaambiwa fundi yuko njiani. Kumbe toleo jipya linakuja na ujumbe wa simu umewashwa, na kila tiketi tuliyoipakia limeiona kama ya leo. Likawaandikia wenyewe wote, wastaafu pia. Nilichomoa waya wa mtandao kwa mkono.

Tungecheka yakaisha. Lakini Ilango akaacha kucheka, akaniita nitazame. Maelezo ya ndani, yale tunayoandikiana mafundi na mwenye tiketi hayaoni, yametoka pamoja na majibu. Nikatafuta jina la Sista Vadivu. Yake yote yametumwa.

Mwaka aliofiwa na mumewe alikuwa akituita kila mara. Printa, printa, printa. Nilipokwenda, printa haikuwa na kitu. Nikawaandikia wenzangu: "Printa nzima. Sista ni mpweke. Nimekaa naye, tumekunywa kahawa. Tiketi zake zote nipeni mimi." Wakanipa. Nikawa naifungua printa, naifunga, tunaongea. Hakuwahi kujua kwamba najua.

Sasa anajua. Mwanamke aliyekuwa akiinyoosha wodi nzima kwa jicho.

Jumamosi, 17 Juni

Kwao kimya. Amma anauliza mbona hawajathibitisha, mimi nakunja nguo.

Mchana simu, namba ngeni. Kathiravan. Sauti ya taratibu. Nikaanza kuomba radhi, sijui mfumo, sijui hitilafu, akanikatiza kwa upole. Mama yake ameketi barazani tangu jana anasoma na kurudia. Mwaka ule yeye alikuwa Hosur kikazi, akipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mama anasema hajambo.

"Nilimwamini," akasema, "kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini."

Nikauliza kama mama amekasirika. Hajui. Mama kauliza jambo moja tu: hizo tiketi zinahamishwa au zinafutwa? Nikamwambia atakavyo yeye ndivyo nitakavyofanya. Akaahidi kumuuliza.

Hajapiga tena. Nzuri lakini, ile sauti.

Jumapili, 18 Juni

Niko ofisini tangu asubuhi, sari ya kijani kwenye mfuko, mwilini nina fulana. Ujumbe umezimwa: nimekagua mimi, kakagua Ilango, kakagua Bwana Varadan. Maelezo ya ndani yamefungiwa. Tiketi za Sista nimeziweka kando.

Nilitegemea tumalize mchana. Wapi! Picha za viambatisho ni nzito, na siwezi kuondoka. Ikikwama katikati tutarudia upya, na kesho wodi zitaamka bila mfumo.

Saa kumi na nusu Amma akapiga. Wageni wamefika, bajji zinapoa, baba yangu, Appa, ameishiwa na hadithi. Alikuwa anaanza kulia. Halafu nikasikia simu inachukuliwa.

"Thenmozhi. Zangu ziko wapi?"

"Kando, Sista. Nangoja neno lako."

"Ziache ziende na wenzao. Usifute hata moja. Lakini mara ya kwanza printa ilikuwa mbovu kweli. Hilo hukuliandika."

"Nitaliandika, Sista."

Akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akakata simu.

Nimezirudisha kwenye foleni na nimeandika vile alivyosema. Zimepita, zote nzima. Nimeziangalia moja moja na macho yamenilowa, Ilango akajifanya anatafuta kalamu.

Sasa hivi mlinzi kapiga kutoka getini. Kuna kundi la watu, Amma ana bakuli la halua ya kesari na kijana mmoja mrefu kabeba bajji. Amewaambia wasubiri waelekezwe, Sista hakusubiri. Bwana Varadan anafagia maganda ya karanga. Ilango ananyooshea kidole mfuko wenye sari, lakini nitaivalia wapi? Na upakiaji haujaisha, umefika tiketi za maabara.

Wako kwenye ngazi. Hatua za watu wengi, na sauti ya Sista inawaambia wainamishe vichwa hapo penye bomba—