Nimepata wa Kunishika

Tunis, tarehe 10 mwezi wa nane 2012

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima yote, na ninatumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mdogo wangu Kambere na wageni wote wanaolala nyumbani kwetu Mabanga siku hizi. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyokuachia juu ya kabati, tafadhali usimgawie kila jirani anayelalamika mgongo. Mimi mwili wangu uko salama. Sijapata hata mafua, ila jua la hapa limeniunguza, utafikiri nilikuja kulima.

Barua hii nampa Uwimbabazi, msichana wa Masisi ninayelala naye chumba kimoja. Masomo yake yanakwisha kabla ya yangu, naye amekubali kukuletea mpaka mkononi. Ukimwona umpokee kama mtoto wako, Mama. Najua watu wa avenue yetu watamuuliza jina, watasikia ni la Kinyarwanda, kisha watatazamana, kwa sababu ya vita hii. Lakini hapa hakuna anayejua kututofautisha, wanatuita tu wale wawili wa Kongo, na ni yeye anayenisuka nywele kila wiki. Umpe chai na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa letu. Ameziota tangu tufike.

Masomo yanaendelea vizuri. Asubuhi tunajifunza kusoma na kuandika Kiarabu, na mwalimu anasema mkono wangu ni mzuri kuliko mdomo wangu. Shida ni kwamba Kiarabu cha darasani si kile cha barabarani. Siku moja nilienda kununua mkate, nikauomba kwa sentensi nzima kama tulivyofundishwa, na mwenye duka akamwita bibi yake atoke nyuma aje asikie. Nilipomsimulia Mama Zohra, mwenye nyumba tunamokaa, alicheka mpaka akashika mlango. Alisema ninaongea kama yule bwana wa habari kwenye televisheni, na kwamba nikirudi dukani nimtangazie muuza mkate pia hali ya hewa.

Huyu Mama Zohra ungempenda. Ni mjane, mnene, mwenye mikono mipana kama ya wale mama wanaopima unga sokoni Virunga, na hanyamazi. Aliniuliza kama ni kweli tumejenga mji wetu wa Goma juu ya mawe ya volkano. Nikamjibu ndiyo, na kwamba volkano ikija tena tutajenga juu ya hayo mapya. Akauliza tumekosa nini, ardhi au akili. Nikamwambia vyote viwili, akanibusu kichwani.

Mwezi huu ni Ramadhani. Waislamu wa Majengo nawafahamu tangu utoto, lakini kule sisi tulikuwa tunangojea tu sambusa za jioni. Hapa mji mzima unalala mchana, na jua likizama mzinga wa kufuturu unalia, kisha unasikia vijiko katika kila nyumba. Mama Zohra alikuwa ananiwekea chakula cha saa sita jikoni na kufunga mlango ili nisione haya. Baada ya siku kadhaa nilimwomba aache, nikasema nitangoja mzinga pamoja nao. Alifurahi mno. Akawaambia majirani kwamba Mkristo wake anafunga vizuri kuliko wapwa zake, ambao anawakuta na makombo midomoni. Niliwaacha wanisifu, lakini ukweli, Mama, ni kwamba chakula kilikuwa hakipiti.

Habari za kwetu tunazisikia kwa redio ya Kifaransa. Wanataja Rutshuru kwa maneno mawili, waasi wako hapa, watu wamekimbilia pale, kisha wanaingia kwenye michezo ya Olimpiki. Mama Zohra akisikia Kongo anaongeza sauti na kunitazama. Mimi namwambia ndiyo, hiyo ndiyo barabara anakopita Papa na maharage yake ya biashara. Nakaa na kalamu yangu mbele ya herufi za watu, na barabara ile iko mbali sana hata siwezi kuifikiria vizuri. Najaribu kuona nyumba moja moja kutoka Kibumba, na zinachanganyika.

Nilipovuka barrière ya mpaka kwenda kupanda ndege Kigali, Papa hakuwepo kuniaga. Alikuwa amepanda Rutshuru kumtoa Shangazi Béata kabla mambo hayajaharibika. Kwa hilo sikumlaumu hata siku moja. Ulipopiga simu Jumapili ya kwanza, ulisema wamefika wote wawili, ila Papa amechoka, amelala, ananisalimia. Nikamshukuru Mungu. Jumapili nyingine ukasema telefone yake ilichukuliwa na wanajeshi njiani, na kwamba ameenda misa. Kisha koo likawa linamuuma. Ukanipa Shangazi Béata nimsalimie. Unajua Shangazi wetu akishika simu, salio linakwisha kabla hajafika kwenye habari yenyewe. Siku hiyo aliniambia tu, kula vizuri mutoto wangu, na akakurudishia simu. Nyuma yenu nilisikia wanawake wengi wanaimba kwa Kinande. Ulisema ni kikundi cha parokia.

Wiki iliyopita jirani yetu wa hapa alifariki, fundi cherehani mzee aliyeitwa Hédi. Alikufa asubuhi, na kabla ya sala ya alasiri wanaume walikuwa wameshambeba. Mimi nilishangaa mbio hizo, lakini kilichonishangaza zaidi ni simu. Mama Zohra mwenyewe, kwa kuwa mjane wa marehemu hakuweza kusema, alimpigia kijana wao anayefanya kazi ya ujenzi Marseille. Alimtaja jina, akamwambia baba yako amefariki, Mungu amrehemu, umwombee. Basi. Kijana alikuwa juu ya kazi, nilisikia vyuma vinagongana ndani ya simu.

Jioni nilimuuliza Mama Zohra aliwezaje kumwambia mtu aliyesimama peke yake ugenini. Nani angemdaka? Hakuelewa swali langu. Alisema marehemu anadai dua za mtoto wake kuanzia siku ileile, na kumficha mtoto ni kuwaibia wote wawili. Nikamweleza desturi yetu sisi. Kwamba aliye mbali haambiwi. Kwamba habari inamngoja nyumbani, hata miezi, na ataitwa kwa jambo dogo, akifika atapewa maji, ataketishwa chini, wanawake wawili watakaa kulia na kushoto wamshike, ndipo mtu mzima mmoja afungue kinywa. Mama Zohra alifikiri sana, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Akasema nayo ni desturi ya huruma. Kisha akaniuliza, na ikiwa yule aliye mbali ameshajua? Niliingia jikoni nikaosha glasi ambazo zilikuwa safi.

Mama, Koko, mzazi wa Papa, alipofariki, Shangazi Béata alikuwa bado na biashara yake Kampala. Nilikuwa mdogo, lakini nilipewa simu kama wote. Nilikuuliza kama si uongo, ukaniambia hapana, tunamshikia tu habari yake isije ikamwangukia njiani. Ukanifundisha la kusema, nami nilisema vizuri, ukanisifu. Nilisema Koko amechoka, amelala, anakusalimia.

Ni maneno yaleyale, Mama. Hata mpangilio wake ni uleule.

Jumapili iliyopita ulisema Papa huyu hapa, koo limepona kidogo, ukampa mtu simu. Alikohoa, akaniuliza kama masomo yanaendelea, akaniambia niwe na nidhamu na nimheshimu mama mwenye nyumba. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini. Papa hajawahi kuongea na simu kwa sauti ya chini. Papa anapiga kelele kana kwamba simu haifanyi kazi na anataka sauti yake ifike kwa miguu, na swali lake la kwanza ni nimekula nini, la pili ni kama nilishiba. Huyu alikuwa papa mudogo Modeste, ndugu yake. Nilimtambua alipovuta pumzi. Na aliposema binti yangu alishindwa kuendelea, akakohoa tena, na safari hii hakuwa anaigiza.

Nilimjibu ndiyo Papa. Nilimwambia asante Papa, upone haraka. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nasikia pumzi yako pembeni ya simu, na nikajua umefanya kazi kubwa kupanga jambo hili, na sikutaka kulivunja mkononi mwako.

Nafikiri Papa amekufa, Mama.

Nimeandika, na mkono wangu umeweza. Sijakasirika. Ningekuwa mimi nimebaki na Kambere ndiye aliyesafiri, ningefanya hivyohivyo. Lakini nataka ujue jinsi ilivyo upande huu. Machozi yakianza, nasema moyoni, si amenisalimia Jumapili, utamliliaje mtu anayekusalimia? Yanarudi ndani. Uwimbabazi anadhani nimekumbuka nyumbani, ananichekesha, nami nacheka. Usiku nataka kumwombea, na sijui niombe apone koo au apumzike kwa amani. Sijui kama mlimzika, au alibaki barabarani. Sijui alikufa siku gani, labda ndiyo ile niliyokuwa nacheka dukani na muuza mkate. Na hata ningejua yote, tiketi yangu ni ya mwezi wa tisa, siwezi kuisogeza, siwezi kukusaidia hata kukoka moto wa matanga. Naweza tu kukaa hapa na kupata alama nzuri.

Kwa hiyo jana, baada ya kufuturu, nilimwambia Mama Zohra. Yeye ndiye wa kwanza. Aliniuliza tu, kwenu wanakaa wapi, kulia na kushoto? Nikamwambia ndiyo. Akasema yeye atakaa kulia, na dada yake, ambaye ni mnene kama yeye, atakaa kushoto.

Uwimbabazi atafika Goma katikati ya wiki ijayo. Jumapili itakayofuata huenda ikawa sikukuu yao ya kumaliza mfungo na nyumba itajaa wageni, lakini Mama Zohra ameshasema wageni watajitafutia vikombe. Tutakuwa chumbani kwangu watatu, mlango umefungwa. Nitakuwa nimekunywa maji, nitakuwa nimeketi chini. Ukipiga simu, tafadhali usimpe papa mudogo Modeste, anateseka bure. Sema wewe. Au aseme Shangazi Béata kama kwako ni ngumu. Usiogope kwamba niko peke yangu, nimepata wa kunishika.

Na kama nimekosea, Mama, kama Papa yuko hapo ana koo kweli, basi achukue simu anigombeze kwa kumzika akiwa hai. Nitapokea kila tusi, na sitamwomba anisamehe haraka.

Nisalimie Kambere, umwambie viatu alivyoniagiza nimeviona na nitavileta, namba yake nimeishika. Nisalimie Shangazi na wote waliokuja naye, na mama wa kikundi wanaoimba. Papa mudogo Modeste umwambie ninamshukuru kwa kuniongelesha. Nawe ulale, Mama, hata mchana. Ninakuombea kila siku, kwa Kiswahili na sasa hata kwa Kiarabu kidogo.

Ni mimi mtoto wako anayekupenda,

Masika Sikuli Charline