Vigoda Nilivyovigawa

Dodoma, Jumamosi jioni

Nilijua amani haitadumu. Jumatatu niligawa vigoda vyote isipokuwa changu, maana kwetu Ugogo mgeni akishapewa kigoda haondoki. Kwa siku nne nilisoma bila kusumbuliwa, nikala mlo mmoja, nikaridhika.

Leo shemeji yangu Ndahani ameingia na kukaa juu ya sanduku langu la vitabu.

"Shemeji, Wadachi wametoza kodi hata vigoda?" Akacheka peke yake.

Nilimwamuru ainuke. Hakuinuka. Mdogo wake amekamatwa ili akabebe mizigo ya askari, naye alitaka nimwandikie barua ya kumwombea bomani kwa Wajerumani. Nikamjibu kwamba ninasoma, arudi Jumatatu.

Mke wangu akatoka jikoni. "Msafara unaondoka kesho, mzee. Huyo ni ndugu yangu pia. Jumatatu utamwombea nani?"

Niliandika kwa hasira, lakini bila kosa hata moja. Ndahani ameondoka nayo mbio, akinishukuru mno.

Shukrani zake zinanichukiza. Karani atakayeipokea barua hiyo nilimfundisha mimi, na nilimchapa kwa mwandiko wake mbaya hadi akakimbilia shule ya serikali. Ndahani sikumwambia.