Gauni la Pazia la Ukumbini

Jumapili, 3 Juni 1984

Daftari langu, unisamehe. Mara ya mwisho nilikuandikia mimba ikiwa ya miezi sita. Sasa mtoto ana miezi mitano na anatafuta meno. Siyo uvivu. Mikono ndiyo imekosekana — mmoja wa mtoto, mmoja wa pasi. Leo Marsela amelala mwenyewe, kifudifudi, juu ya foronya za vyumba vya mbele. Nina kama nusu saa.

Kwa kifupi: bado niko hotelini, huku juu ukingoni mwa kreta. Bado nashona mashuka yaliyochanika na kupiga pasi katika chumba cha dobi. Yohani yuko shambani Endamarariek na mama yake. Mahindi yamekauka yakiwa bado ya magotini, kwa hiyo mwaka huu shamba letu ni mshahara wangu. Marsela ninaye hapa. Mchana analala kwenye kikapu cha nguo chafu — zile zisizo chafu sana. Akilia namnyonyesha, ananyamaza, naendelea na pasi. Bernadina, mkubwa wetu pale dobi, anasema huyu ndiye mtumishi pekee wa hoteli anayekula kwa wakati.

Baridi! Ukungu umeingia mpaka ndani ya kabati.

Jumatano, 6 Juni

Yametokea.

Sare yetu ina zipu ya mgongoni. Aliyeibuni hajawahi kunyonyesha, wala kuwashwa mgongo. Mtoto akitaka titi ni lazima nivue mpaka kiunoni. Leo nimeenda nyuma ya kamba za mashuka, nikashusha gauni, nikajifunika taulo. Upepo ukachukua taulo. Halafu ukachukua shuka. Upande wa pili wamesimama Wajerumani watano na Ndugu Wilibrodi, meneja wetu, akiwaonyesha mandhari.

Wajerumani hawakujali. Mama mmoja mnene alinipungia mkono. Aliyetokwa jasho ni meneja. Baadaye ameniita: ninamwaibisha mbele ya wageni, hii ni hoteli ya taifa, siyo zizi.

Na alipotoka pale kwenye kamba aliwapeleka wapi? Getini, kwa Nasha, yule mama wa Kimasai anayeuza shanga. Nasha naye alikuwa ananyonyesha. Wakampiga picha mpaka filamu ikaisha. Meneja mwenyewe akamsogeza kidogo ili jua limwangaze vizuri.

Basi titi la getini ni mandhari. La dobi ni aibu.

Ijumaa, 8 Juni

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa jikoni. Nalinakili lilivyo:

“Watumishi wa kike wanaonyonyesha ni marufuku kuonekana wakinyonyesha katika eneo lolote la hoteli. Watoto wachanga wote wawe wameteremshwa majumbani ifikapo tarehe 30 Juni. Kazi kwanza.”

Watoto wachanga wote! Yuko mmoja tu. Nimemwangalia kikapuni, anakula kidole cha mguu. Hajui kwamba yeye ni wote.

Nimemfuata meneja ofisini. Nikamwambia mtoto hajaonja kitu zaidi ya maziwa yangu, na maziwa ya kopo Karatu nzima hakuna, hata kwa kujuana. Akasema mama mkwe si ana ng'ombe? Nikamwambia ng'ombe amekauka pamoja na mahindi. Akapanga kalamu zake. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: “Mama Marsela, mimi siyo mtu mbaya. Nisikuone tu. Mpaka tarehe thelathini nisipokuona hata mara moja, tutazungumza upya.”

Nimemweleza Bernadina. Ametema uzi aliokuwa akiuma. “Basi asikuone. Wewe ni fundi au siyo fundi?”

Jumatatu, 11 Juni

Jaribio la kwanza. Nimepasua sare mbele, nikaweka vifungo sita chini ya aproni. Kwa macho, safi kabisa. Kwa kazi, bure! Mtoto akilia, kila kifungo kinakuwa na kichwa kama cha ng'ombe. Nikifika cha nne, Marsela ameshawaita watu wa jikoni. Halafu kifungo kimoja kimekatika, akakiweka mdomoni. Bernadina amekitoa kwa kidole cha mwisho, akakitazama, akanitazama mimi.

Vifungo basi. Siweki tena maishani.

Zipu? Haipatikani mpaka Arusha, na ina meno kuliko mtoto.

Alhamisi, 14 Juni

Nimeshuka getini kwa Nasha wakati wa chai. Nikamsalimia “Takwenya,” akaitikia “Iko,” akanipisha kwenye jiwe lake. Mwanawe alikuwa ananyonya, na nisingejua kama si nyayo mbili ndogo zinazochezacheza ubavuni. Nikamuuliza, mama, unafanyaje?

Akacheka mpaka mtoto akaachia titi. Kasema sisi watu wa hotelini tumejishonea magunia, halafu tunashangaa mtoto hapati mlango. Akanionyesha. Shuka linafungwa begani, linaning'inia. Mtoto haingii kwa mbele. Anaingia kwa ubavuni, chini ya kwapa. Anayesimama mbele anaona nguo tu.

“Na wale wa picha mbona wanaona?”

“Wale nawafunulia mwenyewe, wanalipa. Meneja wako hajalipa, ndiyo maana anaona vibaya.”

Nimepanda kilima nikicheka peke yangu. Ubavuni! Miezi mitano nahangaika na mbele.

Jumanne, 19 Juni

Gauni limekamilika. Niandike kabla sijasahau kipimo.

Kitambaa: mapazia ya ukumbi wa chakula, yale ya madirisha ya kushoto, yaliyotolewa yabadilishwe tangu mwaka juzi. Mapya hayajaletwa. Ya kahawia, yana twiga. Bernadina anayo ruhusa ya kuyafanya matambara, na mimi si nafanya matambara?

Mkato: gauni la ndani lina nafasi mbili za ubavuni, kuanzia kwapa kushuka shibiri moja, zimepindwa kwa foronya laini zisimkwaruze mtoto. Lastiki nyembamba inazifunga zenyewe. Juu yake pazia la pili, lenye marinda, limeshonwa mabegani na katikati tu, likishuka mpaka kiunoni. Mkono mmoja unatosha. Ndani, kifuani, kitambaa kilichokunjwa mara nne, maana maziwa hayasubiri tangazo. Begani nimeacha pete moja ya pazia, ya kuning'iniza kitaulo.

Bernadina amekaa mbele yangu na kikombe cha chai. “Haya, anza, nione.”

Nikamwambia nimeanza tangu ulipokuwa unatia sukari. Akaangalia. Akasogea. Akaangalia tena. “Hiyo sukari yenyewe sijaipata tangu Machi,” akasema, “lakini na wewe sijakuona.”

Ijumaa, 22 Juni

Sijui nicheke au nitubu.

Nimeitwa ukumbini kupima dirisha. Marsela mgongoni, akaanza kudai. Nikamhamishia mbele, nikasimama kando ya mapazia ya kulia — yale ambayo bado yananing'inia, twiga walewale wa kwenye gauni langu. Anavuta vizuri, kimya. Akaingia meneja na mpishi wakigombana. Mpishi anasema supu ya nyanya bila nyanya haiwezekani. Meneja anasema aongeze rangi. Wakasogea dirishani. Meneja akanyoosha mkono kunyoosha pazia.

Akaninyoosha bega.

Aliruka! “Mama Marsela! Unafanya nini hapo?”

“Napima dirisha, Ndugu Meneja.”

Akainama kumtazama mtoto. Miguu miwili na utosi, basi. “Amelala?”

“Anaelekea.”

Akatabasamu. Akamgeukia mpishi, akamhutubia juu ya nidhamu: mnaona, mtoto anaweza kukaa kazini bila hayo mambo ya kunyonya kila mahali, ni suala la mama kuamua. Dakika tatu nzima. Mpishi anatikisa kichwa kukubali. Na mimi nakubali. Marsela anameza.

Siku nane zimebaki. Naanza kuamini.

Jumatatu, 25 Juni

Nimeamini mapema.

Yule mama Mjerumani aliyenipungia mkono amerudi kutoka Serengeti. Ameniona barazani. Huyu hakudanganyika hata kidogo! Amekuja moja kwa moja, kanyanyua rinda kwa vidole viwili, akacheka, akaita wenzake. Ana binti amejifungua kwao. Anataka magauni mawili. Mwenzake matatu. Akamuuliza meneja kama hili ni vazi la asili.

Meneja hata hakumeza mate. Ndiyo, ni vazi la kale la akina mama wa nyanda za juu, tangu mababu. Na ile pete begani? Pete ni alama ya heshima, huvaliwa na mama mwenye mtoto wa kwanza.

Pete ya pazia!

Jioni ameniita, akanipa kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea. Anataka magauni ishirini kwenye duka la vinyago kabla ya Saba Saba, maana kuna wageni wanakuja kutoka wizarani. Kitambaa nishushe mapazia yote yaliyobaki. Nikasema sawa. Halafu nikauliza: na Marsela?

Akaonekana kushangaa. Si sasa nina kazi nyingi? Mtoto atanisumbua. Tangazo ni tangazo.

“Lakini hukuniona, Ndugu Meneja. Siku zote hizi.”

“Ndiyo tatizo lenyewe,” akasema. “Kama huonekani, nitajuaje kwamba umeacha?”

Nimerudi dobi. Bernadina amenipokea pasi.

Jumamosi, 30 Juni

Mama mkwe alipanda jana. Leo yeye na Marsela wameshuka na lori la mboga. Seif ndiye dereva, mtu wa Karatu, rafiki wa Yohani. Ameniambia, “Shemeji, nitaendesha kama nimebeba mayai.” Na kweli, nimelitazama lori mpaka kwenye kona, lilikuwa linatembea kama mgonjwa.

Ningekataa? Nimehesabu midomo ya nyumbani usiku kucha. Kazi hii ikiondoka hakuna unga.

Kikapu cha nguo chafu kina nguo chafu.

Jumapili, 1 Julai

Nimemaliza la tisa. Ukumbi hauna pazia hata moja. Wageni wamekula chakula cha mchana wakitazamwa na nyani, dirisha kwa dirisha, nyani wengine wamebeba watoto wao na wananyonyesha. Hakuna aliyewabandikia tangazo.

Mchana meneja amenitaka nivae gauni nisimame dukani, niwaonyeshe wageni linavyotumika. Nikauliza nionyeshe na nani? Akaniletea taulo limekunjwa. Akalifunga utepe katikati, liwe na kiuno.

Basi nimesimama. Nimempakata taulo, nikampitisha ubavuni, nikamrudisha. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja akauliza mtoto wangu ana umri gani. Meneja ndiye aliyejibu: hana mtoto hapa, hoteli yetu ina utaratibu. Na pale pale, nadhani ni kwa kusikia neno mtoto, maziwa yakashuka. Kitambaa kimekunjwa mara nne, kikajaa. Kikapita. Twiga wa kifuani wakalowa mmoja baada ya mwingine. Nikasimama hivyo hivyo. Taulo halikunywa.

Nimekamulia kwenye sinki. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 3 Julai

Seif amekuja na kabichi na habari. Ameniita kando, kofia mkononi. Marsela hanywi. Uji anatema. Maziwa ya jirani, kwa kikombe, kwa kijiko, kwa kitambaa — anageuza shingo. Mama mkwe amempa titi lake kavu ili anyamaze, mtoto amelisukuma. Siku ya tatu leo. Analia bila sauti, kasema Seif, halafu akaona uso wangu, akasema labda sauti ilikuwa imechoka tu.

Nimeweka mkasi chini. Kumi na moja yako tayari. Tisa bado. Saba Saba ni Jumamosi. Na anayejua ule mkato wa ubavuni ni mimi peke yangu. Bernadina amejaribu, akashona kwapa likafa, halina mlango.

Meneja hayupo, ameenda Arusha mkutanoni mpaka Ijumaa. Lakini ameniachia fomu ya mahitaji ya vifaa, ameshaisaini chini na kuipiga muhuri. Alisema mbele ya Bernadina na mlinzi wa geti: niandike kila kitu ninachohitaji ili magauni yaishe, Seif akilete, na mtu yeyote asiulize maswali.

Nimeijaza kwa mwandiko wangu wa shuleni, ule wa kupata pongezi. Bernadina amesoma, akachukua kalamu, akaongeza neno “haraka” na mistari miwili chini yake. Seif amesoma mara mbili. “Shemeji... hii namba sita?”

Nikamwambia soma chini, saini ya nani hiyo? Akasoma. Akavaa kofia. “Muhuri ni muhuri,” akasema, akawasha lori kabla kabichi hazijaisha kushushwa.

Nanakili hapa, kama kutakuwa na maswali Ijumaa:

1. Uzi wa kahawia, vibunda vinne.
2. Lastiki nyembamba, mita kumi. Isiyolegea.
3. Sindano za cherehani, tatu.
4. Foronya kuukuu za pamba, sita, zilizofuliwa.
5. Chaki ya fundi, kipande kimoja.
6. Mtoto wa kike, miezi sita, mmoja. Aletwe mikononi mwa mama mkwe, akae mbele kwa dereva, dirisha lifungwe.
7. Shuka lake la kubebea, lile jekundu.
8. Kofia yake. Huku juu kuna baridi.