Baba, Njoo Uendeshe Jangwani

Walvis Bay, Namibia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, jicho lile lililopasuliwa linaona vizuri, na kahawa ya asubuhi bado unaipika mwenyewe kwa sababu ile ya Dada Joventa unasema ni maji ya kusuuzia vikombe. Mimi mwanao Koku sijambo kabisa. Kikohozi kimeisha, kazi inaendelea, na nina jambo linalonifanya nishindwe hata kutulia kwenye kiti.

Nimeamua kuandika kwa kuwa simu huwa unaikata. Nikianza tu, "Baba, nilikuwa nafikiria," wewe unasema, "Haya mama, nimesikia, wasalimie wote," na mazungumzo yamekwisha. Barua huwezi kuikata. Nimempa mwenzangu wa kiwandani anayekuja likizo Musoma, na ameahidi kupitia hapo Buswelu akukabidhi mkononi, akae mpaka umalize kusoma. Mpe chai.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa saba nina likizo, na nataka uje tufanye safari ya gari, mimi na wewe, tuzunguke hifadhi za jangwani. Na dereva ni wewe.

Usiikunje barua kwanza. Najua umeshatangaza kwamba safari zako zimekwisha. Dada ameniambia tangu Mama atutoke huvuki geti isipokuwa Jumapili, tena kwa kusukumwa, na kwamba hata koti lako la udereva umeligawa. Hilo la koti liliniuma sana. Mtu aliyetoa basi stendi ya Nyegezi alfajiri miaka yote ile, leo amekaa kibarazani anaangalia magari ya wenzake yakipita? Hapana Baba, hiyo siikubali, na kama ni kugombana tugombane.

Ngoja nikueleze kulivyo huku. Mji wetu umebanwa, mbele bahari, nyuma mchanga. Kazi yangu ni ileile niliyojifunza kwa sangara wa Mwanza, kukagua minofu kabla haijafungwa, ila samaki wa hapa ni wa baharini na majina yao bado yananishinda. Nikitoka zamu naiona milima ya mchanga nyuma ya maghala. Muda wote huu nimeishia kuiangalia tu, kama mtu anayekaa Igogo na hajawahi kulowesha miguu ziwani. Siku moja nikajiambia, Koku, utarudi nyumbani uulizwe jangwa likoje, utajibu nini?

Basi njia nimeshaipanga, na kila nikiangalia ramani nacheka peke yangu. Tunatoka hapa asubuhi tunaingia hifadhi ya Namib-Naukluft, lami inaisha, changarawe inaanza. Tunashuka bonde la mto Kuiseb, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka hauna hata tone, na barabara inajikunja mle ndani mpaka utafurahi. Tunalala Sesriem kwenye hema lililofungwa juu ya paa la gari. Ndiyo, juu ya paa, unapanda kwa ngazi. Usianze habari za magoti, nimeulizia na hema la chini lipo pia. Kesho yake alfajiri tunakwenda kwenye vilima vyekundu vya mchanga, kisha pale penye miti iliyokufa zamani sana na bado imesimama kwenye udongo mweupe. Halafu tunashuka kusini mpaka korongo la mto Fish, ambalo wanasema ukifika ukingoni unasahau ulichotaka kusema. Kwako wewe mkata simu halitakuwa na kazi kubwa.

Usukani wa huku uko kulia na tunapita kushoto kama nyumbani. Gari ni la kaka yake Magdalena, rafiki yangu wa meza moja kiwandani, mwenyeji wa hapa hapa. Ni pikapu ya milango minne. Magdalena alinipeleka kunifundisha kuendesha mchangani, nikakwama mji ukiwa bado unaonekana nyuma yetu. Usukani niliukamata kama nimekamata kambale aliye hai.

"Koku, wewe hapana," akasema. "Tafuta dereva."

Nikamwambia baba yangu alikuwa anapeleka abiria kutoka Mwanza kwenda Arusha kwa kukatiza Serengeti, masika na kiangazi, tope na vumbi. Akaniangalia.

"Na bado yuko hai?"

"Yuko, tena juzi tu ametengenezwa jicho."

"Sasa unangoja nini kumwita?"

Amenipa maelekezo ambayo mimi nimeyashika nusu nusu, wewe utayaelewa. Mchangani tairi zipunguzwe upepo, spea ziwe mbili, mafuta tujaze kila penye pampu hata kama tanki limeshiba. Akaniambia ukikata kona kwa kasi kwenye changarawe, gari linalala. Nikamwambia hilo nimelisikia tangu niko darasa la pili, kila jioni ulipokuwa unakula na kuwasema madereva wenzako.

Dada atakupeleka uhamiaji kwa ajili ya pasipoti, na tiketi ni juu yangu, tusibishane. Leseni yako ihuishwe. Njoo na sweta zito kwa sababu asubuhi za mwezi wa saba huku baridi inang'ata. Na kama Shangazi wa Bukoba ana senene waliokaushwa, hata kidogo, nifungie.

Msalimie Dada Joventa, mwambie kesi yake na jirani kuhusu kuku nimeisikia, na haki ni yake. Msalimie Shangazi, na mzee mwenzako wa drafti, asije akahamisha kete ukiwa huku. Utingo wako wa zamani mwenye duka pale Igogo mwambie safari hii hana nafasi.

Nilitaka kufunga hapa, ila kuna moja sijalisema, nalo ndilo lililonifanya nianze kupanga.

Nilipofika msibani Mama alikuwa ameshazikwa. Nyumba ilijaa watu. Jioni ile ukaanza kuwaeleza habari ya siku Mama alipopanda basi lako kwenda harusini Arusha. Ndani ya Serengeti mkakuta tembo na watoto wao kando ya barabara, Mama akaja nyuma ya kiti chako akakuomba usimamishe kidogo awaangalie, nawe ukamwambia abiria wana haraka. "Kitu kidogo vile," ukasema, na sauti ikakukatika. Baba Mkubwa akakushika bega, akakuambia ujikaze, wewe ni mwanamume na watu wanakuangalia. Ukajikaza. Mimi nami nikaambiwa nijikaze, nisije nikakuongezea uchungu, nikaenda jikoni nikaosha masufuria yaliyokuwa yameshaoshwa. Siku chache baadaye nikapanda ndege. Tangu hapo tunaulizana hali ya hewa.

Baba, mimi na wewe hatujawahi kumlilia Mama pamoja, na nimechoka kumlilia peke yangu. Huku kuna barabara unaweza kuendesha tangu asubuhi mpaka jua la utosi usipishane na gari hata moja. Abiria hakuna. Wageni hakuna. Hakuna wa kutushika bega. Popote moyo utakapokuambia, wewe simamisha, hata katikati ya barabara, uzime injini. Tutashuka, tumlilie Mama mpaka tutosheke. Tukimaliza utawasha gari, twende.

Mwanao anayekungoja,
Koku